Intaneti Hadi Banda la Uani

Ruta iko sebuleni, banda la kuku liko mwisho wa kiwanja, mita 80 kutoka nyumbani, na mwenye mji anataka kamera ya kuangalia vifaranga usiku. Duka la kwanza atakaloingia huenda likamuuzia ripita. Asinunue.

Ripita haizalishi mtandao. Hupokea mawimbi na kuyarusha tena. Ukiichomeka mahali ambapo mawimbi yameshafifia, itarusha huohuo ufifu. Zile za bei nafuu, zenye redio moja, hupokea na kurusha kwa zamu, hivyo kasi hushuka karibu nusu. Halafu kuna kuta za zege na nondo, na banda lenyewe la mabati. Masafa ya gigahezi 2.4 hupenya ukuta vizuri kuliko ya gigahezi 5, lakini mbele ya bati yote hudunda.

Waya ndio jibu. Waya wa mtandao wa shaba, Cat5e au Cat6, hufanya kazi hadi mita 100, kwa hiyo mafundi wengi watakuambia mita 80 si tatizo. Kwa umbali, wanasema kweli. Mimi hata hivyo sipitishi shaba baina ya majengo mawili, na sababu ni radi. Si lazima ikupige wewe: ikipiga ardhi jirani, volti za ardhi kwenye nyumba na bandani hutofautiana ghafla, na umeme hutafuta njia kupitia waya unaoyaunganisha. Ruta na kamera huungua pamoja. Wakazi wa kandokando ya Ziwa Victoria, mojawapo ya maeneo yenye radi nyingi zaidi duniani, wanalijua hili bila somo.

Faiba ni kioo; haipitishi umeme. Nunua iliyofungwa vichwa kiwandani, maana kuiunga kunahitaji mashine maalumu, na hakikisha haina uzi wa chuma ndani yake. (Nyingi za kuning'inizwa kwenye nguzo zinao, na uzi huo unakurudisha kulekule kwenye radi.) Kila upande weka kigeuzi cha kubadili mwanga kuwa ishara za mtandao, kisha bandani funga kifaa kidogo cha Wi-Fi. Ipitishe kwenye paipu ya plastiki iliyofukiwa, na uache kamba ndani ya paipu ya kuvutia waya mwingine siku za usoni.

Pakiwa na barabara au korongo katikati, antena mbili zinazotazamana zinatosha, mradi zionane waziwazi. Mwembe ulio mfupi leo utaziba njia baada ya misimu michache, na majani yenye maji ya mvua huzuia mawimbi zaidi. Palipo na uwezekano wa kuchimba, chimba. Gharama kubwa ni mtaro, kwa hiyo usibane fedha kwenye paipu: chukua pana.