Picha juu ya Shuka, Neno Kinywani mwa Mwalimu

Tarehe 18 Agosti 2024, kule Uvira, Kardinali Fridolin Ambongo aliwatangaza kuwa Wenye Heri mashahidi wanne wa imani, waliouawa Baraka na Fizi tarehe 28 Novemba 1964. Ndio Padri Luigi Carrara, Padri Giovanni Didonè na Furere Vittorio Faccin, wote watatu wa shirika la Waxaveriani, wazaliwa wa Italia, pamoja na Padri Albert Joubert, mzaliwa wa Moba. Habari yao sherti ifundishwe, zaidi kwa vijana ambao hata wazazi wao walikuwa hawajazaliwa siku ile. Na leo, penye ordinatere na projektere, katekista hupenda kuifundisha kwa diapo. Ni vizuri. Lakini mara nyingi tunaona hivi: mwalimu anawapa watu mgongo, anasoma mistari kumi na tano iliyoandikwa juu ya shuka, na wale wa benchi la nyuma wanaongea mambo yao. Basi tutaeleza ginsi diapo inavyofanya kazi, na habari hiyo ya Baraka na Fizi itakuwa mfano wetu.

Wamisionari wa zamani walikuwa na taa ya picha: taa yenyewe, kioo cha kukuza, na kipande kidogo cha kioo chenye picha. Bonne Presse ya Paris ilitoa vioo vya namna hiyo kwa kufundishia dini. Nafasi ya kuandika ilikuwa ndogo. Picha ilionekana, padri akasema, watu wakatazama na kusikiliza. Mwaka 1987 programu ya PowerPoint iliuzwa mara ya kwanza huko Marekani, na tangu hapo kuandika kumekuwa rahisi kuliko kutafuta picha. Ndiyo maana diapo nyingi za leo si picha tena, ni barua zilizotundikwa ukutani.

Kuna ubaya gani? Mtu anayesoma huyasema maneno ndani ya kichwa chake. Nawe ukimwambia neno wakati uleule, maneno mawili yanapigania mlango mmoja. Mwalimu mmoja wa Marekani, Richard Mayer, alijaribu jambo hilo mara nyingi pamoja na wanafunzi. Aliona kwamba picha pamoja na sauti hufundisha vizuri kuliko picha, sauti, na tena maneno yaleyale yameandikwa. Lakini tusikaze kupita kiasi: majina ya kigeni na tarehe ni vema viandikwe, kwa kuwa sikio la mtoto wa Fizi halishiki upesi jina kama Didonè. Maneno mengine yote yabaki kinywani mwa mwalimu.

Diapo mbaya inaweza kuleta hasara kubwa. Mwezi wa Januari 2003 chombo cha anga Columbia cha Wamarekani kilipigwa na kipande cha povu wakati wa kuruka. Mainjinia walileta diapo mbele ya wakubwa wao. Kichwa cha diapo moja kilituliza moyo. Chini kabisa, kwa herufi ndogo, ndipo palipokuwa na jambo lenyewe: povu lililopiga chombo lilikuwa kubwa mara zaidi ya 600 kuliko yale waliyoyapima katika majaribio. Tarehe 1 Februari chombo kilivunjika kikirudi, na watu 7 wakafa. Tume iliyochunguza ajali ilichapa diapo hiyo katika ripoti yake, ili watu waone namna jambo kubwa linavyoweza kufichwa mahali pa wazi.

Sasa turudi Baraka. Wengi wangeandika kichwa hiki: «Mashahidi wetu wa Imani», na chini yake maisha ya watu wanne, kila tarehe na kila shule. Sisi tungeanza na ramani. Ziwa Tanganyika upande mmoja, alama moja kando ya maji: Baraka; alama nyingine juu milimani: Fizi. Hakuna mto mwingine, hakuna mpaka wa wilaya. Mtoto akitazama anaelewa mara moja kwamba waliouawa mchana Baraka na waliouawa jioni Fizi ni habari moja ya siku moja, na kwamba gari la wauaji lilipanda barabara ile anayoijua yeye mwenyewe.

Diapo ya pili: nyuso nne, na chini ya kila uso jina na umri. Faccin 30, Carrara 31, Didonè 34, Joubert 56. Umri huo unasema mengi kuliko tarehe za kuzaliwa, kwani seminaristi atajipima nao palepale. Picha za zamani zisivutwe kwa upana mpaka uso uwe kama boga. Ni kukosa heshima.

Kisha Baraka. Furere Faccin alikataa kupanda gari la waasi, akapigwa risasi. Padri Carrara alikuwa akiungamisha kanisani. Akatoka, akapiga magoti karibu na mwili wa mwenzake, akataka kufa pamoja naye. Hapo weka picha ya kanisa, na kichwa chenye sentensi kamili: «Padri Carrara alichagua kufa pamoja na ndugu yake.» Tazameni tofauti: «Matukio ya Baraka» ni jina tu, halimwambii mtu kitu. Sentensi inampa jambo la kwenda nalo nyumbani. Ya Fizi ni hivyohivyo: Padri Didonè alifungua mlango, akauawa, na Padri Joubert pia. Mlango mmoja unatosha kuwa picha.

Damu tusiionyeshe. Katika mabenchi yale wamekaa watu waliozika wafu wa Makobola mwisho wa 1998 na mwanzo wa 1999, na wengine wa vita vilivyofuata. Picha ya maiti haiwafundishi, inawarudisha kaburini. Tena tusiandike kabila la mtu yeyote juu ya shuka. Neno la kinywa mwalimu anaweza kulieleza vizuri, kumbe neno lililoandikwa hupigwa picha kwa simu na kutembea peke yake, bila maelezo, mpaka kwa watu wanaotafuta sababu ya kuchukiana.

Juu ya herufi, kuna kipimo rahisi. Mtu wa mwisho asikae mbali kupita mara sita ya upana wa picha: shuka la metri 2, benchi la mwisho metri 12. Nyumbani, pima upana wa kioo cha ordinatere yako. Ukiwa ni santimetri 30, rudi nyuma metri 1 na santimetri 80. Usichoweza kusoma hapo, mzee wa benchi la mwisho hatakisoma. Usimwombe radhi kwa herufi ndogo. Ifute, au igawe diapo mbili.

Jua la Baraka nalo lina neno lake. Mchana mwanga huingia madirishani, na projektere ndogo inashindwa. Tumia herufi nyeusi juu ya weupe, uache rangi ya manjano na kijani chepesi. Weka shuka mahali penye giza kuliko pengine, si kati ya madirisha mawili. Lugha iwe moja katika kila diapo. Tunajua vishawishi vya kuandika Kifaransa, Kiswahili na Kibembe pamoja ili kila mtu afurahi. Matokeo yake ni herufi ndogo mara tatu. Andika Kiswahili, na useme Kibembe panapohitajika.

Ukitaka watu wakutazame wewe, weka diapo nyeusi tupu. Wakati wa sala pia.

Na umeme ukikatika katikati ya fundisho, usiwaage watu. Chukua chaki. Chora ziwa, weka alama mbili, andika majina manne, kisha endelea pale ulipoachia.