Mtoto anayetibiwa saratani akilalamikia tumbo, usimpuuze

Mzazi akiambiwa kwamba mtoto wake ana saratani, fikira zake zote huelekea kwenye uvimbe. Uvimbe ukianza kunywea baada ya dawa, nyumba nzima hushusha pumzi. Lakini je, msomaji, wajua kwamba wakati huo huo hatari nyingine yaweza kuwa imejificha tumboni?

Kando ya Ziwa Victoria, kutoka Homa Bay hadi Bondo na Kisumu, jambo hili si geni. Huku ndiko uliko ugonjwa wa Burkitt, saratani ya tezi ambayo hushambulia hasa watoto wadogo. Uliitwa hivyo kwa jina la Denis Burkitt, daktari wa upasuaji aliyewaona watoto waliovimba taya katika hospitali ya Mulago, Kampala, akaandika habari zao mwaka 1958. Unahusishwa na virusi vya Epstein-Barr, vilivyogunduliwa mwaka 1964, pamoja na malaria ya mara kwa mara. Wengi huujua kwa taya, lakini hushika tumbo pia, na uvimbe wake waweza kuongezeka maradufu kwa siku 2 tu.

Habari njema ni kwamba ugonjwa huu husikia dawa. Katika Hospitali ya Rufaa ya Jaramogi Oginga Odinga mjini Kisumu, ile ambayo wenyeji huiita "Russia", watoto hutibiwa kwa awamu. Kati ya awamu moja na nyingine, mtoto aweza kuruhusiwa kwenda nyumbani. Hapo ndipo wewe mzazi unapokuwa muuguzi.

UTUMBO HUDHURIKAJE?

Dawa za saratani huua chembe zinazozaliana upesi. Utando wa ndani wa utumbo ni wa chembe za aina hiyo, kwa hivyo nao huchubuka. Mtoto akapata vidonda kinywani, akatapika au kuharisha. Dawa iitwayo vincristine, iliyotokana na mmea wa Madagaska, huipunguzia nguvu mishipa ya fahamu ya utumbo, na choo kikafunga. Tena, uvimbe ukiwa kwenye ukuta wa utumbo, waweza kuacha tundu unapoyeyuka.

Lililo baya zaidi huja kati ya siku ya 7 na ya 14 baada ya dawa. Wakati huo chembe nyeupe za damu, ambazo ndizo askari wa mwili, huwa zimepungua sana. Vijidudu vya tumboni hupenya ukuta uliochubuka na mwanzo wa utumbo mpana huvimba, chini upande wa kulia. Mtoto hushikwa na homa na tumbo humuuma. Jirani atasema ni minyoo. Usikubali! Hali hii yaweza kuua kwa siku chache.

UFANYE NINI?

Nunua kipimajoto. Homa ikifika nyuzi 38, au tumbo likiwa gumu, choo kikifunga, kikitoka na damu, au mtoto akitapika majimaji ya kijani, mrudishe hospitali saa hiyo hiyo, hata kama ni usiku. Ukiwa mbali, Mbita au Usenge, kimbilia hospitali iliyo karibu. Waonyeshe karatasi zake na uwatajie siku aliyopewa dawa.

Usimpe dawa ya kuendesha, wala usimwingizie maji au dawa kwa njia ya haja kubwa, kwa maana utumbo dhaifu waweza kutoboka. Mitishamba ya nyanya iache kando. Dawa ya kutuliza homa nayo ingoje hadi apimwe.

Akiwahi kufika, mara nyingi hutibiwa kwa dawa za kuua bakteria na maji ya mshipani huku utumbo ukipumzishwa. Si kila mmoja huhitaji kisu.

Nyumbani, chemsha maji ya kunywa, hasa ya ziwani, na upike omena na mboga hadi viive barabara. Kumbuka, mdharau mwiba mguu huota tende. Kwa mtoto huyu, "naumwa na tumbo" ndio mwiba wenyewe.