Usirudishe mausi ya gemu kabla ya kuijaribu

Kansanga, Kampala, ni mtaa wa wanafunzi. Chuo Kikuu cha Kimataifa cha Kampala kiko hapo hapo, na mausi za kuchezea gemu hazikosi wanunuzi. Wala malalamiko: vitufe vya ubavuni havifanyi kazi. Mwenye duka aliyenunua mzigo Nairobi akiirudisha, nauli inameza faida yote.

Mara nyingi si ubovu. Mausi ikichomekwa, Windows huendesha vitufe vikuu na gurudumu yenyewe. Vya ubavuni hupangiwa kazi kwenye mipangilio ya gemu. Vikigoma, pakua draiva kwenye tovuti ya mtengenezaji, si kwingineko, kisha washa kompyuta upya.

Ila ukibonyeza mara moja ikahesabu mbili, hata kwenye kompyuta nyingine, swichi ya ndani ni mbovu. Hiyo irudishe na risiti yake, au mpe fundi abadilishe swichi.