Mkono wa Gia wa Motokaa ya Zamani

Motokaa za zamani zapendwa na watu wengi, nao huzitunza kwa bidii. Lakini mara nyingine mkono wa gia hukataa kwenda unakosukumwa. Dereva asiyejua hudhani gia zenyewe zimevunjika, akalipa fedha nyingi ili sanduku la gia lifunguliwe. Kumbe kasoro iko nje, katika fito mbili za chuma. Basi na tutazame fito hizo zafanya kazi gani, na jinsi zinavyorekebishwa.

Hapo kwanza, katika motokaa nyingi, mkono wa gia ulisimama sakafuni, juu ya sanduku la gia. Baadaye watengenezaji wa Marekani waliuhamisha, wakauweka chini ya usukani, ili watu watatu wapate kuketi mbele kwa nafasi. Motokaa za Ford zilipata mkono wa namna hiyo mwaka 1940. Hata barabara za Afrika Mashariki ziliufahamu: Peugeot 404 ya Ufaransa, iliyoshinda mashindano ya Safari miaka ya 1963, 1966, 1967 na 1968, ilikuwa na mkono wa gia chini ya usukani. Hapa tutaeleza ule wa Marekani, wenye gia tatu za kwenda mbele na moja ya kurudi nyuma.

Mkono huo u mbali na gia, hauwezi kuzigusa. Kwa hiyo huna budi kutuma wajumbe. Chini ya mlingoti wa usukani pana vikono viwili vya chuma. Kila kimoja huvuta ufito wake, na ufito hugeuza kikono kingine ubavuni mwa sanduku la gia. Ufito mmoja ni wa gia ya kwanza na ya nyuma. Wa pili ni wa gia ya pili na ya tatu. Kati ya vile vikono vya juu pana ulimi mdogo. Dereva akivuta mkono kwake, ulimi hushika kikono kimoja. Akiuachilia, hushika cha pili.

Lakini ulimi hauwezi kuvuka isipokuwa vikono vyote viwili vimelingana sawasawa, na hakuna gia iliyoshikwa. Hali hiyo huitwa gia huru. Ufito ukizidi urefu au ukipungua hata kidogo, vikono hupishana, ulimi hukwama, na motokaa husimama njiani.

Sasa tuone kazi ya kurekebisha. Kwanza, simamisha motokaa mahali tambarare, zima injini, funga breki ya mkono, kisha zuia magurudumu kwa magogo, mbele na nyuma. Usilipuuze jambo hili: gia zikiwa huru haziizuii motokaa kubingirika, nawe u chini yake.

Pili, tikisa kila kiungo. Bushi iliyolika haiponi kwa kukazwa nati. Sharti iwekwe mpya. Tazama pia mipira inayobeba injini. Ikiwa imebonyea, sanduku la gia huteremka pamoja na injini, na vipimo vyote huharibika.

Tatu, weka mkono wa gia katika gia huru, ulegeze nati za fito zote mbili. Sukuma kila kikono cha sanduku mbele na nyuma, ukisikie kinapotulia katikati. Hapo ndipo pa gia huru. Kisha linganisha vikono vya juu. Katika motokaa nyingi vina tundu, nawe waweza kupitisha pini ili visicheze. Kaza nati bila kusogeza kitu, kisha ondoa pini. Usiisahau ndani.

Mwisho, kanyaga klachi, ujaribu gia zote injini ikiwa imezimwa. Zikiingia vyema, jaribu tena kwa mwendo wa polepole mahali pasipo na watu. Zikilia kwa kukwaruzana ingawa fito ni sawa, tazama klachi, maana huenda haiachilii.

Mtu aweza kuuliza, Kwa nini kuhangaikia kipimo kidogo hivyo? Ni kwa sababu ufito usiofikisha gia mwisho wa safari yake huacha meno yakiwa yameshikana nusu tu. Meno hayo hulika ncha, na gia huruka yenyewe, labda motokaa iteremkapo mlima, wakati dereva anapoitegemea injini imsaidie kupunguza mwendo. Hapo breki peke yake ndiyo ibebayo uzito wote. Tena meno yaliyolika hayarekebishwi kwa spana. Ni lazima sanduku lifunguliwe. Wazee walisema kweli: usipoziba ufa, utajenga ukuta.