Kronos, Shing'weng'we na ufupisho wa maneno 28

Leo naongelea ufupisho. Ile sehemu ya Kiswahili kidato cha nne, fupisha habari hii kwa maneno yasiyozidi kadhaa... mimi nilikuwa nanakili sentensi za mwanzo na za mwisho tu, basi. Njia nyingine sikuijua.

Sasa kuna binti wa shangazi yangu hapa Igoma, yuko darasa la tano. Anasoma kwa sauti bila kukwama, lakini funga kitabu umuulize habari ilihusu nini, kimyaaa. Nikaona nimjaribu na hekaya za Wagiriki. Zina vituko, halafu majibu yake hajakaririshwa na mtu.

Tukaanza na Kronos, kisa alichokiandika Hesiod yapata miaka 2,700 iliyopita. Kronos aliambiwa kwamba mwanawe atampindua, hivyo kila mtoto akizaliwa anammeza. Wa sita, Zeus, mama yake Rhea alimficha kisiwani Krete, akaviringisha jiwe kwenye nguo za mtoto akampa mumewe. Jamaa akalimeza bila hata kutazama! Zeus akakua, akamtapisha, ndugu zake watano wakatoka wazima.

Dogo akaruka: "Kaka, huyu si Masala Kulangwa!" Kweli kabisa. Msukuma gani hajasimuliwa zimwi Shing'weng'we lililomeza watu wote, akabaki mama mmoja aliyejificha, mwanawe akakua, akaliua na kulipasua tumbo watu wakatoka? Yaani mpangilio wa kisa alikuwa nao kichwani tayari. Nikamwambia afunge daftari, anisimulie kwanza kwa mdomo, ndipo aandike.

Akaandika: Kronos alimeza watoto, Zeus akafichwa, akaja kuwatoa. Kifupi kweli, ila kuna kitu kimedondoka. Kwa nini aliwameza? "Si zimwi?" Hapo ndipo nikaelewa shida iko wapi. Shing'weng'we halihitaji sababu, kazi yake kumeza. Kronos ni baba anayehofia kiti chake, na ukiitoa hiyo hofu kisa hakina kichwa wala miguu. Majina ya wale watano toa, Krete toa, hakuna kinachoharibika. Sasa tunapima hivi: funika jambo moja kwa kidole, soma yaliyobaki. Yakieleweka, lifute.

Mara ya tatu akatoa hii, maneno 28, nimehesabu:

"Kronos aliogopa kupinduliwa na mwanawe, akawa anawameza watoto wote. Mama yao akamficha Zeus, akampa Kronos jiwe. Zeus alipokua akamtapisha baba yake, ndugu zake wakatoka wazima, naye akatwaa utawala."

(Wakubwa mtafuteni Mfalme Edipode, tafsiri ya Samuel Mushi ya mwaka 1971. Nako kuna baba aliyemuogopa mwanawe, ila ya darasa la tano siyo hiyo, teh teh.)

Wiki hii anafupisha Shing'weng'we lenyewe. Amekwama kwa yule bibi aliyekatwa sikio kwa bahati mbaya tumbo likipasuliwa, akatoka na hasira zake. Kwa kipimo cha kidole bibi anafutika, lakini dogo amegoma kumfuta. Nyie wa Magu na Geita, kwenu bibi huyo yumo?