Vipande Kumi vya Kirusi cha Perege

Mwaka 2009 perege wa Israeli walianza kufa kwa wingi, katika Ziwa Kinneret, yaani Bahari ya Galilaya ya Biblia, na katika mabwawa ya wafugaji. Macho yaliingia ukungu, ngozi ikatoka vidonda. Ilipofika 2014 watafiti walitangaza chanzo: kirusi kipya, kilichopewa jina la TiLV. Ukoo wake haukujulikana.

Kwa kawaida msomaji wa jenomu hupata vipande vifupi vya mfuatano, akavilinganisha na vya virusi vilivyokwisha kusomwa. Hapa hakukuwa na cha kulinganisha. Eran Bacharach wa Chuo Kikuu cha Tel Aviv, W. Ian Lipkin wa Columbia na wenzao walikuza kirusi ndani ya seli za samaki, wakakisafisha, wakatoa RNA na kuigeuza kuwa DNA ili mashine iweze kuisoma. Kompyuta ikaunga vipande pale mfuatano wa kimoja ulipolaliana na wa kingine.

Majibu yalichapishwa 2016: jenomu ya kirusi imegawanyika katika vipande kumi vya RNA, jumla ya herufi 10,323. Kimoja tu kilifanana, tena kwa mbali, na jini la virusi vya mafua C linalohusika na kunakili RNA. Tisa havikufanana na chochote. Basi nini kiliwahakikishia kwamba vyote ni vya kirusi kimoja? Ncha za vipande hivyo. Mwanzo na mwisho wa kila kipande hubeba mfuatano unaokaribia kuwa uleule, na ncha hizo mbili huoana, kama ilivyo kwa virusi vya mafua. Kwangu mimi huo ndio ugunduzi mzuri kuliko yote katika kazi hii.

Jenomu ikishajulikana, kipimo cha PCR, kinachotafuta mfuatano wa kirusi ndani ya sampuli, hutengenezeka. Ndicho kilichowawezesha watafiti kuripoti mwaka 2018 kwamba RNA ya kirusi hiki imo katika sato (aina ya perege) wa Ziwa Victoria, upande wa Tanzania na wa Uganda, wa kuvuliwa na wa kufugwa, wasio na dalili za ugonjwa. (Mlaji asiogope: hakuna ushahidi kwamba kinaambukiza binadamu.)

Lakini PCR hugusa sehemu ndogo ya kipande kimoja, na hiyo haitoshi. Aina mbili za kirusi zikikutana ndani ya samaki mmoja, zinaweza kubadilishana vipande. Uchambuzi wa mwaka 2020 ulionyesha kwamba historia zinazosimuliwa na vipande mbalimbali zinapishana. Anayetaka kujua kirusi cha Victoria kimetoka wapi, na kwa nini sato wake hawakuugua, hana budi kusoma vyote kumi. Siku hizi zipo mashine za kusomea zinazotosha kiganjani, na zimekwisha kutumika kwa kirusi hiki. Kinachotakiwa ni sampuli kuchukuliwa hata kwa samaki wanaoonekana wazima, kabla vifaranga havijatoka kituo cha uzalishaji kwenda vizimbani.