Matumizi ya Kiunzi Chepesi katika Tovuti Sahili zenye Mwitiko: Mfano wa Kikokotoo cha Uzito kwa Wakulima wa Vitunguu Mkoani Singida

1.0 Utangulizi

Mkoa wa Singida, ulioko katika uwanda wa kati wa Tanzania, unafahamika kwa kilimo cha alizeti na vitunguu. Katika biashara ya vitunguu, kero inayomuumiza mkulima ni lumbesa, yaani gunia lililojazwa hadi kupita mdomo wake lakini likalipwa kama gunia la kawaida. Kanuni zilizo chini ya Sheria ya Vipimo, Sura ya 340, zinataka gunia la mazao lisizidi kilogramu 100. Hata hivyo, mkulima anayejadiliana bei kando ya shamba, kabla mzigo haujafika soko la Misuna mjini Singida, anahitaji kujua papo hapo kwamba ziada ile ina thamani ya shilingi ngapi. Makala haya yanatumia hitaji hilo kueleza kiunzi chepesi ni nini, kinavyofanya kazi na mahali kinapokoma kufaa.

2.0 Dhana ya Mwitiko na Dhana ya Kiunzi

Mtafiti wa Kiswahili analijua neno kiunzi kupitia kiunzi cha nadharia. Katika usanifu wa tovuti, kiunzi ni msimbo ulioandikwa tayari ambao humpa msanidi mifupa ya kazi yake. Mwitiko, kwa upande wake, ni uwezo wa sehemu ya ukurasa kujibadilisha yenyewe pale data inayoitegemea inapobadilika. Dhana hii si ngeni. Programu ya majedwali ya VisiCalc, iliyotolewa mwaka 1979, ilikuwa tayari na tabia hiyo: namba moja ikibadilishwa, jumla nayo hubadilika.

Msanidi anayetumia JavaScript pekee hulazimika kuamuru kila hatua: soma namba, kokotoa, tafuta mahali pa jibu, andika jibu. Akisahau hatua moja, ukurasa utaonyesha jibu la zamani. Maktaba ya jQuery ya mwaka 2006 ilifupisha amri hizo, lakini haikuondoa wajibu wa kuzikumbuka. AngularJS (2010), React (2013) na Vue (2014) zilibadili mkabala: msanidi hutaja uhusiano uliopo kati ya data na ukurasa, nayo programu huulinda uhusiano huo. React na Vue hutumika sana katika mifumo mikubwa, ambamo mara nyingi ukurasa mzima huundwa ndani ya simu baada ya msimbo kupakuliwa.

Viunzi vyepesi hubakiza mkabala huo na kupunguza mzigo. Alpine.js, iliyoanzishwa na Caleb Porzio mwaka 2019, ina takribani kilobaiti 15 ikiwa imebanwa. Petite-vue, iliyotolewa mwaka 2021 na Evan You, muasisi wa Vue, ina takribani kilobaiti 6. Zote mbili huchukua ukurasa uliokwisha kuandaliwa na seva, kisha huongeza mwitiko katika sehemu chache zinazouhitaji.

3.0 Utendakazi Wake

Kikokotoo cha mkulima kina vigeu vitatu: idadi ya magunia, uzito halisi wa gunia na bei ya kilo. Katika Alpine.js, vigeu hivyo hutangazwa ndani ya lebo ya HTML kwa sifa x-data. Kila kisanduku cha kujazia hufungamanishwa na kigeu chake kwa sifa x-model, na mahali pa jibu hupewa sifa x-text yenye kanuni ya ukokotozi. Hakuna amri ya kuandika jibu upya. Kanuni yenyewe inatosha.

Tuchukue namba za mfano. Mkulima ana magunia 20, bei ni shilingi 1,000 kwa kilo, na kila gunia limehesabiwa kuwa na kilo 100. Atalipwa shilingi 2,000,000. Mzani ukionyesha kilo 130 kwa gunia, ukurasa utaonyesha mara moja kwamba alistahili shilingi 2,600,000, yaani anapoteza shilingi 600,000. Akibadilisha bei, tofauti hubadilika hapo hapo bila kuwasiliana tena na seva.

4.0 Uzito wa Ukurasa na Mtandao

Umuhimu wa wepesi unaonekana katika hesabu. Kwenye mtandao wa kilobiti 100 kwa sekunde, faili la kilobaiti 15, sawa na kilobiti 120, hupakuliwa kwa sekunde 1.2. Ukurasa wenye msimbo wa kilobaiti 500 huhitaji sekunde 40, na kifurushi cha intaneti cha mkulima hupungua kwa kiasi hicho hicho. Mnunuzi aliyekwisha washa gari hasubiri sekunde 40.

5.0 Mipaka

Kwanza, msimbo unaweza kushindwa kupakuliwa. Hivyo basi, kanuni ya ukokotozi na jedwali la mifano viandikwe katika HTML ya kawaida, ili ukurasa usomeke hata bila mwitiko. Pili, Alpine.js ya kawaida hutafsiri maneno yaliyo ndani ya sifa kuwa msimbo, jambo linalokinzana na sera kali za usalama za baadhi ya seva. Kwa hali hiyo lipo toleo lake maalumu. Tatu, tovuti ikikua hadi kuwa na kurasa nyingi zinazoshirikiana data, sifa zilizotawanyika katika HTML huwa ngumu kudhibiti, na kiunzi kikubwa huwa na haki ya uzito wake. Nne, kikokotoo si mzani: uzito uliokadiriwa kwa macho huzaa jibu lisiloaminika.

6.0 Hitimisho

Uteuzi wa kiunzi uanze na kazi ya ukurasa na hali ya mtumiaji, si umaarufu wa zana. Pale ambapo maudhui mengi yametulia na ni sehemu chache tu zinazoitika, kama ilivyo katika kikokotoo hiki, kiunzi chepesi kinatosha. Kuongeza zaidi ya hapo ni kumtwisha mkulima lumbesa nyingine, safari hii ya msimbo.